Naomba ushauri: kutoka Bukavu kwenda Idjwi kwa boti na kurudi siku hiyo hiyo

Ndugu zangu, jambo kwenu wote. Familia yetu hapa Bukavu tunataka kwenda Idjwi, kisiwa kilichoko Ziwa Kivu, Jumamosi moja: kutoka asubuhi, watoto waogelee, tule huko huko, turudi kabla ya giza. Tuko watu kumi na wawili, pamoja na mama mkwe na watoto wanne ambao bado hawajui kuogelea vizuri.

Chakula hakinisumbui. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, makemba (ndizi za kupika) na sombe (majani ya muhogo) tutabeba, nanasi tutanunua kisiwani.

Kinachonisumbua ni maji. Kivu haina mamba wala kiboko, lakini sehemu nyingi ukipiga hatua chache tu kutoka ukingoni tayari ni kina kirefu. Na tangu ile boti iliyojaa kupita kiasi ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, mke wangu hataki kusikia habari ya ziwa. Namwelewa kabisa. Nimeongea na wenye boti wawili. Mmoja alinionyesha majaketi ya kuelea: yote ya watu wazima, mengine mikanda imekatika. Wa pili anasema anayo ya watoto, ila hajanionyesha. Yakikosekana, naahirisha safari.

Naomba mnisaidie: upande wa kusini wa Idjwi, ni ufuko gani wenye maji mafupi yanayofaa watoto? Na tuondoke huko saa ngapi mchana ili upepo usitukute katikati ya ziwa?

Asanteni sana.