Ant inazimika katikati ya kazi bila kulalamika

Swali
Wakuu, naomba msaada. Nimerithi programu ndogo ya Java inayokagua faili za mipangilio. Ikimaliza inaita System.exit(makosa), yaani idadi ya makosa iliyoyaona. Naiendesha ndani ya Ant (zana ya kujenga programu) kwa taski ya java, bila fork, yaani bila kuipa mchakato wake yenyewe. Kwenye Java 11 ilikuwa shwari. Jana nimehamia Java 24: mstari wa mwisho ni "Ukaguzi umekamilika", kisha kimya. Hakuna BUILD SUCCESSFUL wala BUILD FAILED, na jar (kifurushi cha programu) haipo. Kinachoniudhi zaidi, echo $? (namba ya kutokea ya amri iliyopita; 0 ni salama) inanipa 0, kwa hiyo seva ya kujenga programu imeweka tiki ya kijani. Ant nimeisakinisha upya mara mbili.

Jibu la kwanza
Ant umeionea bure. Bila fork, programu yako inaishi ndani ya JVM (mashine pepe inayoendesha Java) ileile ya Ant, na exit inaua JVM nzima. Zamani Ant iliweka SecurityManager, mlinzi wa Java, mlangoni: exit ikiitwa, inazuiwa, inarushwa ExitException (taarifa ya hitilafu ambayo Ant inaidaka), kazi inaendelea. Mlinzi huyo aliambiwa ajiandae kuondoka tangu Java 17, mwaka 2021. Kwenye Java 24 amezimwa kabisa, hata umwite haji. Andika hivi:

`<java classname="Mkaguzi" fork="true" failonerror="true">`

Hiyo failonerror usiiache. Usipoiandika ni false: programu itatoka na 1, Ant itachapa "Java Result: 1" kwa unyenyekevu, halafu BUILD SUCCESSFUL. Mimi nimewahi kutuma kifurushi kibovu kwa wateja namna hiyo, na ule mstari ulikuwepo kwenye logi muda wote.

Jibu la pili
Naunga mkono fork, ila hiyo exit(makosa) inanitisha. Kwenye Linux namba ya kutokea inabaki kati ya 0 na 255. Siku ukipata makosa 256 kamili, itasomeka 0, safi kabisa! Toa 1 kukiwa na kosa lolote, idadi ichapwe kwenye skrini. Na exit ibaki ndani ya main (pale programu inapoanzia) peke yake. Sehemu inayokagua, tuiite Kagua(), irudishe int (namba nzima) tu. Ukiita exit katikati ya try, finally (sehemu ya kusafisha mwishoni) haifanyi kazi, na faili uliyokuwa unaandika inaweza kubaki nusu.

Muuliza swali
Imekubali. Nimeharibu faili moja makusudi, nikapata "Java returned: 1" na BUILD FAILED. Exit nyingine nne nimezikuta zimejificha kwenye catch (sehemu za kudaka hitilafu). Naanza kuzing'oa.