Kikundi: Kihamba cha Babu (Machame)

Shangazi: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Michango ya mbuzi wa Krismasi inaendelea. Mwaka huu ni wawili tu, bei haishikiki.

Mama: Amen wifi.

Baba Mdogo: Amen. Yangu nimetuma.

Elia: Shikamoo shangazi. Natuma jioni.

Shangazi: Marahaba. Nimesema asifiwe, wenzako wameitikia Amen, wewe unaniletea shikamoo. Macho bado ninayo.

Elia: 😅

Neema: We Elia, tiketi umekata? Huko stendi Mbezi watu wanalalia mabegi.

Elia: Tarehe 22, basi la alfajiri.

Kelvin: Kumbe hata wapagani wanapanda Kilimanjaro kuhesabiwa nyumbani 😂😂

Elia: Kuhesabiwa hakuna cheti cha ubatizo bwana.

Mama: Elia, siku ya Krismasi unasoma somo. Isaya 9. Mzee wa kanisa ameshakuandika.

Elia: Mama samahani, niseme hapahapa maana nikikupigia nitashindwa. Siwezi kusimama pale nikasoma kama naamini. Wale wamama walionibeba mgongoni nitakuwa nawaigizia. Lakini msidhani nimesusa. Mwaka juzi nilibaki Tabata makusudi, nikala chipsi kuku peke yangu. Usiku kwaya ya jirani ikaanza mazoezi, ile besi ya wazee, nikazima taa nikalia. Sijui hata nililia nini.

Kelvin: Pole bro. Nafuta ile ya wapagani.

Baba Mdogo: Mwalimu mstaafu naomba dakika. Tarehe 25 haimo kwenye Biblia. Kumbukumbu ya zamani tuliyonayo ni ya Roma, mwaka 336. Na wamisionari wa Leipzig walifika hapa Machame 1893. Kabla yao mbege ilinywewa na mbuzi alichinjwa.

Shangazi: Mwalimu, nani kakuomba umpe mtoto silaha?

Baba Mdogo: Nimetoa tarehe tu 🙏

Elia: Kanisani nitafika, nitakaa kule nyuma. Ila mnada wa sadaka niachieni mimi. Mnakumbuka yule jogoo? Alianzia elfu kumi na tano, nikabishana na yule mzee wa jirani hadi elfu sitini. Nikashinda, nikamrudisha mezani auzwe tena, mzee akamchukua kwa elfu ishirini na tano! Kanipita na jogoo kwapani, hata salamu hakuna.

Neema: Hadi leo hasalimii 😂 Anasema ulimfanya mtoto.

Shangazi: Yule jogoo alikuwa kilema jamani.

Kelvin: Mama anaandika tangu saa ile.

Neema: Tulieni.

Mama: Neema atasoma. Elia, mgongo wangu si mzuri mwaka huu. Utanibebea mkungu wa ndizi wa sadaka kutoka nyumbani mpaka kanisani. Ni ule wa karibu na kaburi la babu yako, umekomaa. Kaburi lenyewe halijapakwa chokaa, hiyo pia ni kazi yako. Ukifika mlangoni na mkungu utajua mwenyewe unaingia au unautua hapo nje.

Elia: Nitabeba mama.

Mama: Na kisusio nitakuwekea. Usije na njaa ya basi ukanimalizia mtori.

Shangazi: Haya. Jioni imefika, mchango siuoni.

Elia: Angalia simu shangazi.

Shangazi: Nimeona. Ongeza ya kutolea.