Tumkumbuke vipi Profesa Micere Mugo hapa Mombasa?

MwalimuWaLikoni

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi nafundisha fasihi huku Likoni, na Jumamosi jioni hukutana na kina mama wenzangu tukasoma pamoja. Yuko muuza samaki, yuko muuguzi, yuko fundi wa cherehani, na wako wasichana niliowahi kuwafundisha ambao sasa wana watoto wao. Profesa Micere Githae Mugo, mshairi na mwandishi wetu wa tamthilia, alifariki tarehe 30 Juni 2023 huko Syracuse, Marekani, na mwaka huu tumekubaliana siku hiyo isitupite hivi hivi.

Shida ni namna ya kuifanya. Wamejitokeza watu wema wa kutuchangia, nao wanapendekeza ukumbi wa hoteli, mgeni wa heshima, bango lenye picha yake, wasomi watatu mezani, kisha chakula. Nawashukuru, lakini moyo wangu umekataa. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1982 siasa zikamtoa nchini, akavuliwa uraia, Zimbabwe ikampokea ikampa wa kwake, na kuanzia 1993 akafundisha Syracuse. Kote huko hakukubali fasihi ifungiwe chumba chake, historia chake, sheria chake, na mambo ya wanawake yasukumwe pembeni. Alishikilia kwamba ngano na nyimbo za Waafrika zilizungumzia haki za binadamu zamani sana, na kwamba anayetaka kuzielewa lazima amsikilize bibi anayeziimba. Mtu wa namna hiyo unamkumbukaje kwa kipaza sauti kimoja na watu mia wamekaa kimya?

Halafu mama mmoja wa kikundini aliniuliza swali ambalo sijalimaliza: huyu ni mtu wa Kirinyaga huko bara, sisi wa Pwani anatuhusu nini? Naomba mawazo yenu kwa yote mawili.

BintiKibokoni

Mwalimu, mimi ningeanza na swali la huyo mama, maana ukilijibu hilo mpangilio wa siku utajipanga wenyewe.

Micere ana shairi linalouliza ziko wapi nyimbo zilizoimbwa na mama zetu, zile zilizokuwa na mahali pake katika kila hatua ya maisha. Swali hilo liulizeni hapa hapa Mombasa. Nyanyangu alikuwa mtu wa lelemama, ile ngoma ya vyama vya wanawake. Sisi wajukuu tulidhani ni ngoma ya harusini tu, ya kujifurahisha. Nilipokuja kusoma utafiti wa Margaret Strobel kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, uliotoka 1979, ndipo nilipoelewa alichokuwa akinisimulia. Vile vyama vilikuwa na vyeo, michango na mashindano makali. Vilikutanisha waungwana na wajukuu wa watumwa, na aliyevunja heshima ya mji alitungiwa wimbo akaimbwa hadharani. Hapo pana siasa, pana uchumi, pana sheria, na wenye kuendesha yote ni wanawake. Mtafiti huyo huyo, pamoja na Sarah Mirza, alichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje, Bi Mishi na Bi Shamsa. Yapo kwa Kiswahili pia.

Kwa hiyo mjibu huyo mama kwamba Profesa anatuhusu kwa sababu anatufundisha kumhesabu nyanyangu na nyanyake kuwa wasomi. Waiteni kina bibi wanaozijua nyimbo hizo, wakae mbele, wao ndio wawe wahadhiri.

Na msiogope kuleta Utendi wa Mwana Kupona. Mama yule aliutunga mwaka 1858 kumuusia bintiye, na mpaka leo wanawake tunaugombania: wako wanaosikia utiifu kwa mume tu, wako wanaosikia mama mgonjwa akimpa mwanawe silaha za kuishi. Mimi niko upande wa pili, ila ningependa sana kumsikia muuza samaki wenu anasemaje.

MzeeWaTudor

Mwanangu Mwalimu, shukrani kwa kulianzisha hili. Bintiyetu wa Kibokoni amesema vizuri, lakini naomba nitie neno.

Tusije tukamfanya Micere kuwa mtu wa nyimbo peke yake. Nyimbo ni tamu, na utamu husahaulisha. Mimi ule mwaka wa 1982, wa jaribio la kuipindua serikali, niliuona kwa macho yangu nikiwa kijana, na hofu iliyofuata naijua. Watu walikuwa wakificha vitabu. Yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walikuwa wameandika tamthilia ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, ikachezwa Nairobi mwaka 1976 na mwaka uliofuata ikapelekwa Lagos. Ndani yake yuko mhusika anayeitwa Mwanamke tu, hana jina jingine, na yeye ndiye anayebeba mpango na kuwaamsha vijana. Mtu akitaka kujua Micere alimwona wapi mwanamke katika historia ya nchi hii, aanzie hapo. Sisi wa Pwani hatushangai, tuna Mekatilili wa Menza aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913.

Tamthilia hiyo ina tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi. Chagueni maonyesho machache yenye huyo Mwanamke, myasome kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Kisha mtu mmoja asimame aseme wazi gharama aliyolipa: kazi, nyumba, uraia. Vijana wasidhani alihamia Marekani kutafuta maisha.

Mhifadhi_Nyali

Mwalimu, mimi kazi yangu ni kumbukumbu za sauti, kwa hiyo nitasema la kikazi. Mkiwaita kina bibi, bila shaka kuna atakayetoa simu arekodi. Kubalianeni kabla. Bibi aulizwe mapema, nyumbani kwake, mbele ya jamaa zake, kama anaridhia na ni nyimbo zipi zisitoke nje. Nyingine za kungwi haziimbwi mbele ya wanaume, na hilo liheshimiwe. Nakala ya kwanza iende kwa familia yake. Nauli yake ilipwe, na ya anayemsindikiza. Wazee wetu wamerekodiwa na wageni wengi ambao hawakurudi hata kusalimia.

Nasema hivi kwa sababu Profesa mwenyewe, katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 2021, alitaka utu uwe msingi wa usomi. Alitumia neno letu hili hili. Akiheshimiwa kwa hotuba na bibi akarudi Mtongwe kwa miguu, tutakuwa tumemkosea.

MwalimuWaLikoni

Nimewasomea kina mama majibu yenu yote. Yule aliyeuliza habari ya Kirinyaga aliposikia ya lelemama alinyamaza kidogo, akasema shangazi yake aliyeko Majengo anazijua, na kwamba ataenda kumwomba yeye mwenyewe.

Hoteli tumeiacha. Wachangiaji wamekubali pesa ziende kwenye nauli, chakula na kunakili maandishi. Tutakaa uani kwa mwenzetu baada ya Alasiri, sehemu ya kwanza wanawake watupu ili kina bibi wawe huru, kisha wanaume waingie kwa usomaji wa tamthilia. Mzee wangu wa Tudor, hiyo nafasi ya kusimama na kueleza mwaka 1982 ni yako ukiridhia. Mwana Kupona tutamsoma beti chache na kumjadili. Muuza samaki wetu ameshasema ana maneno.

Nimebakiwa na haja moja. Nakala ya Mzalendo Kimathi niliyonayo imeng'oka kurasa za katikati. Aliye na nzima anaweza kuniazima kwa wiki moja? Nitaifuata popote kisiwani, na nitairudisha kwa mkono wangu.