MJADALA: Wapangaji sita, WiFi moja. Kosa liko wapi?

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja hii kwa sababu imetugawa nyumba nzima, na najua hatuko peke yetu.

Tunaishi nyumba ya kupanga Tabata: korido katikati, vyumba vinatazamana, kaya sita. Hadi mwaka jana kila mtu alikuwa na bando lake. Mimi nilikuwa nanunua la 1,000 kila siku nikiamini natumia kidogo. Siku nilipokaa nikapiga hesabu ya mwezi, 30,000 imekwenda, na MB nyingine ziliisha muda sijazigusa. Jirani yangu mwenye wanafunzi wawili alikuwa anapita 50,000.

Tukavuta intaneti moja ya waya wa faiba, kasi ya Mbps 20, kwa 60,000 kwa mwezi. Elfu kumi kila kaya. Ruta iko koridoni, juu ya friji ya mama mwenye nyumba, na pembeni yake linaning'inia daftari kwa uzi kwenye msumari: jina, tarehe, sahihi. Ni utaratibu uleule wa kuchangia umeme wa LUKU, hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Wiki iliyopita fundi wa kampuni alikuja kurekebisha waya, akaliona daftari. Akasema mkataba ni wa kaya moja, tukiendelea laini itakatwa. Tangu hapo nusu ya nyumba inataka tuache, nusu inataka tulifiche daftari.

Mimi sitaki kuficha kitu. Tulichonunua ni kasi ya Mbps 20, na tukiwa sita au tukiwa mmoja kasi haizidi hapo. Familia ya watu kumi na wawili kwenye nyumba yao wenyewe inalipa bei hiyohiyo na hakuna anayekwenda kuwahesabu. Kwa nini sisi wa chumba kimoja kimoja ndio tuwe wakosaji? Kuweni wazi, mniambie nakosea wapi.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, unachanganya kuchangia bili na kuuza huduma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (EPOCA) ya 2010 inataka leseni kwa anayetoa huduma za mawasiliano. Leo mnagawana bili sawasawa, hapo hakuna shida. Kesho mmoja wenu atavuta waya hadi nyumba ya pili, akusanye 15,000 kwa kichwa, chenji abaki nayo. Huyo tayari ni mfanyabiashara.

Halafu mkataba una jina la nani? Mpangaji wa chumba cha nne akimtapeli mtu mtandaoni, anwani inayoonekana nje ni ya ruta, si ya simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na polisi wakianza kutafuta wataanza na mwenye jina. Umelifikiria hilo?

Mchangiaji wa pili
Mie nilikuwa kwenye mpango kama huo Mbagala, nikatoka. Sheria haikunisumbua, watu ndio walionisumbua. Jumamosi kukiwa na mechi, mwanangu yuko kwenye somo la chuo, kiduara kinazunguka tu. Wawili hawalipi na nywila wanayo. Ukiibadilisha, salamu zinakatika. Nimerudi kwenye bando la wiki. Nimezima video zinazojicheza zenyewe, programu nasasisha nikiwa kazini kwenye WiFi ya pale, na bando linafika mwisho wa wiki.

Mchangiaji wa tatu
Utaratibu wa daftari naomba, mkuu. Tuko wanne Ukonga.

Mleta mada
Dada wa Mbagala, la mechi lilitukuta. Mbps 20 kwa kaya sita ni 3 na ushee kila mmoja tukiwa hewani wote. Video ya kawaida inakwenda, HD inayoomba kama 5 inakwama. Ruta yetu ina sehemu ya kuweka kikomo kwa kila kifaa. Tumeweka, na hakuna tena anayemmeza mwenzake. Nywila inabadilika kila tarehe 1, anapewa aliyesaini. Haikuleta ugomvi kwa sababu tulikubaliana kabla waya haujaingia. Ukonga, anzeni na hilo.

Mkuu wa hoja ya sheria, la jina limenikaa. Mkataba ni wangu, na majirani zangu ni watu wema lakini vyumba hivi watu wanahama kila miezi sita, simjui atakayefuata. Hapo nimekubali. Kwa hiyo Jumatatu naenda ofisini kwao na mama mwenye nyumba, daftari mkononi, tuombe mkataba wa nyumba ya kupanga ambao kaya zote sita zinasaini na kila mmoja anabeba lake. Wakikataa, nitaomba wakatae kwa maandishi, na barua hiyo nitaipeleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.