Mvule umeua meno ya msumeno: nimrudishie muuzaji?

Seremala wa Ibanda
Wakubwa, shikamoo. Mteja wangu wa Muhumba, hapa Bukavu, anataka mlango wa mbele na madirisha. Nilimtafutia mvule, ule wauzaji wanauita kambala, uliotoka upande wa Walikale, Kivu Kaskazini. Mbao kavu, zimenyooka. Leo katikati ya ubao msumeno ulilia, ukatoa cheche, meno yakafa. Tena mteja analalamika: aliahidiwa kahawia, anaona njano. Nirudishe mbao?

Mama Vernis
Usirudishe, mdogo wangu. Njano ni ya ubao uliorandwa karibuni. Mwanga ukiupiga, unageuka kahawia wenyewe. Mwonyeshe mteja mlango wa zamani wa mvule, atatulia.

Fundi Mzee, Kadutu
Mwanangu, umekutana na jiwe, na ni jiwe kweli. Mvule ukijeruhiwa ungali umesimama, chokaa hujikusanya ndani ya kidonda na kuganda, kisha mti unakua na kulifunika. Kwa nje huoni kitu. Tazama tu penye rangi iliyokoza kuliko jirani zake, pitisha msumeno polepole hapo, au pakwepe kabisa.

Nyuzi zake zinapishana, kwa hiyo randa ikiwa butu itang'oa vipande. Noa sana, ondoa kidogo kidogo.

Weupe wa pembeni, ule wa karibu na gome, uukate wote, hata kama unasikitikia upana. Mchwa wanaushindwa moyo wa mvule, ule weupe wanautafuna. Nakasirika nikiona fremu imeachiwa weupe upande wa ukutani, ambako mwenye nyumba hataona mpaka imeshaliwa.

Na funika pua! Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua. Vijana wa atelie (karakana) wanafanya kazi pua wazi kabisa, hilo linaniuma.

Bawo Safi
Mimi ningemwekea mbao ya libuyu. Ni nyekundu, mteja asingelalamika.

Fundi Mzee, Kadutu
Kwa kabati la ndani, sawa, libuyu ni nzuri. Mlango unaopigwa na mvua zetu mimi nautengeneza kwa mvule. Ukishakauka hauchezi sana: hauvimbi masika, haulegei kiangazi. Mita moja ya ujazo, ikiwa kavu, ina kama kilo 650; mlango utakuwa mzito, basi bawaba ziwe tatu kila mlango.

Seremala wa Ibanda
Aksanti sana, papa. Weupe upo kwenye mbao mbili, kesho naukata. Vitundu vikubwa vya mvule nivijaze kabla ya vernis (vanishi)?

Mama Vernis
Ndiyo, jaza, piga msasa, halafu vernis ya nje. Ya ndani itabanduka.