Form four 2012 wa shule za kata, nyie mliwahi kukutana tena? Sisi wa Kondoa tumekwama

mtoto_wa_Bicha
Habari zenu wakuu. Swali langu ni kwa waliomaliza form four 2012, hasa sie wa shule za kata za huko wilayani. Sisi tulisoma Kondoa, shule siitaji maana mtatujua, tuna grupu la wasapu na Desemba hii tunataka tukutane pale pale mjini, tule, tupige stori, na hela ikibaki tupeleke chochote shuleni. Sasa nusu ya darasa wako kimya. Tiki za bluu zinaonekana, jibu hamna. Ukimfuata mtu inboksi anakwambia mi nije kufanya nini, kutaneni nyie mliofaulu. Mliofaulu! Waliofaulu wenyewe wako wapi jamani, mikondo yote miwili division three zilikuwa za kutafuta kwa tochi, waliobaki wote four na ziro.

Kwa wadogo zetu ambao hamjui, matokeo yetu yalitoka Februari 2013 na nchi nzima watahiniwa zaidi ya 240,000 wakala ziro, yaani kwenye kila kumi sita chali. Waziri Mkuu wa wakati ule, Pinda, akaunda tume, Mei serikali ikayafuta, yakapangwa upya, baadhi tukapanda. Mimi mwanzo nilikuwa na pointi 34 (pointi zikiwa nyingi ndo umefeli), ziro safi, yalivyorudi nina 33, four ya mwishoo kabisa ambayo ukipumua vibaya unadondoka. Ile D moja iliyoongezeka mama aliichinjia kuku.

Basi nauliza, waliofanikiwa kukutana mlifanyaje hadi wale walionuna wakaja? Maana mi naona miaka yote hii mtu bado anabeba ziro ya utotoni, sasa hivi ana watoto na shamba la alizeti kubwa kuliko la mwalimu aliyemfelisha, bado anaona aibu.

Mama Nasri
Umenikumbusha mbali kaka, mimi pia wa 2012 ila shule ya upande wa Pahi huko. Siku ya matokeo sisi hatukuwa na simu za maana, tulienda mjini steshenari moja karibu na stendi, mwenye duka kafungua ukurasa wa shule yetu, ukitaka kuangalia namba yako unatoa mia tano. Intaneti inazunguka wee, tumejazana mgongoni kwake jasho linatutoka, halafu ukurasa ukaanza kushuka kidogo kidogo, namba ya mtihani, F au M ya jinsia, pointi, div. 35, 0. 34, 0. 35, 0. 35, 0. Yaani kwenye kioo cha ile kompyuta ziro zilivyopangana hadi mwenye duka akaacha kudai hela. Kuna mwenzetu alikuwa anasoma kweli kweli, msuli wa usiku na kibatari, yeye alisema hii ya kwangu wamekosea akaondoka kwa mguu mpaka kwao, na ni mbali. Yeye ndo alipanda Mei.

Ila mi nikikumbuka shule sikumbuki matokeo, nakumbuka mchanga! Ijumaa mchakamchaka halafu mnaambiwa kila mtu na ndoo yake mtoni, mkichota mchanga wa kujengea madarasa, na ule mto wa Kondoa kiangazi hauna maji, mchanga mtupu, mnacheza humo mpaka mwalimu wa zamu anakuja na fimbo. Na ile safari ya Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, tumepanda mlima tunahema, kufika juu mnaonyeshwa watu wembamba wekundu na twiga, vijana wakaanza kumfananisha mmoja na sekondi masta. Walichapwa walivyorudi lakini kweli walifanana.

ticha_mstaafu_mtarajiwa
Naomba niongee kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa chaki. 2012 nilikuwa nafundisha shule ya kata, wilaya nyingine ila mkoa huo huo. Mimi ni mtu wa historia. Nilikuwa nafundisha historia, jiografia, uraia, na kwa form one na two nikawa nashika na hesabati kwa sababu hakuna mtu. Fizikia miaka miwili haikuwa na mwalimu kabisa, ikapatikana voda fasta mmoja, yaani mwalimu wa mafunzo ya haraka haraka, akakaa muhula mmoja akaenda chuo. Maabara hamna, praktiko watoto wanaichora ubaoni. Michango ya maabara tumekuja kuisikia kwa nguvu 2014 wakati Rais Kikwete ameweka deadline ya kujenga maabara, nyie mmeshatoka.

Halafu watu wanasahau kitu kikubwa, mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kirangi, anafika form one ghafla baiolojia yote kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nafundisha kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa na mkaguzi akija nabadilisha gia. Kwenye pepa watoto wanaelewa nusu ya swali. Nikasikia redioni watu wanacheka eti kuna walioandika matusi kwenye mitihani, sawa wapo, wachache, lakini wale laki mbili na ushee hawakuandika matusi, waliandika walichokuwa nacho. Kwa hiyo mtoto wa Bicha ukiwaita wenzio waambie na mwalimu wao naye alipata ziro mwaka ule.

mtoto_wa_Bicha
Shikamoo mwalimu. Hii naenda kuiposti kwenye grupu kama ilivyo.

Kichwa Maji
Mi naomba kuuliza swali la kijinga, huo mkutano mchango shingapi?

mtoto_wa_Bicha
Elfu 70, pamoja na tisheti yenye jina la shule.

Kichwa Maji
HAHAHA nilijua tu. Mkuu usisingizie ziro. Mtu ana boda ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, Desemba anawaza ada za chekechea na sare, wewe unamwambia elfu 70 na tisheti, unategemea akwambie sina? Hawezi kukwambia sina, atakwambia kutaneni nyie mliofaulu, ndo njia ya heshima ya kusema sina. Sisi huku Singida tuliweka elfu 10 na mwenye mbuzi alete mbuzi, walikuja mpaka waliohama darasa la form two. Ada yenyewe ya shule enzi zile ilikuwa elfu 20 kwa mwaka na watu walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa hiyo, leo unawarudisha tena getini kwa elfu 70?? Punguza.

Zuhura_K
Nimesoma yote nikasema leo nichangie maana huwa napita tu. Kaka hilo grupu lenu mmewaweka kina nani? Nauliza kwa sababu na mimi ningekuwa form four 2012 lakini sikufika. 2011 niko form three walipima wasichana wote ujauzito, tukatoka watatu siku hiyo hiyo, masanduku kichwani, paredi nzima inaangalia. Waliotupa hizo mimba mmoja alikuwa darasani kwetu, yeye kaendelea, kamaliza, na kwenye grupu la darasa letu yeye ni admini. Sisi watatu hatumo. Siyo kwamba tumekataa, hakuna aliyetutafuta, ukisema darasa la 2012 watu wanahesabu waliofanya mtihani tu.

Baadaye nilisoma QT, ile njia ya walio nje ya shule kufika mtihani wa form four, nikarisiti nikapata cheti changu, na serikali ilivyotangaza Novemba 2021 kwamba mabinti waliojifungua warudi shule nilikaa nikalia, siyo kwa uchungu, nilifurahi tu kwa ajili ya mdogo wangu maana yeye yalimkuta mwaka uliotangulia na akarudi. Sasa hivi nauza vitenge na nina mashine mbili za kushona, hao waliomaliza wananijia dukani wananiomba mkopo, na nawapa. Ila wakikutana hawaniiti. Mimi miaka mitatu niliyokaa pale naijua kuliko mtu aliyehamia form four toka Dodoma. Nakumbuka nani alikuwa anaiba kande, nani alikuwa anadoji prepo anaruka ukuta kwenda kuangalia mpira wa Simba na Yanga, nakumbuka mpaka namba ya dawati langu.

Mama Nasri
Zuhura mdogo wangu 😭 kwetu walikuwa wawili. Mmoja ni jirani yangu hapa na sijawahi hata kufikiria. Leo jioni napita kwake.

Kichwa Maji
Dada na huyo admini mtajie jina humu tumsalimie.

Zuhura_K
Hapana, ana mke na ni mtu mzima, na mtoto anamjua baba yake. Yaliisha.

mtoto_wa_Bicha
Nimerudi wakuu, nimetoka kuongea na kamati kwa simu saa nzima wamenitukana mpaka basi. Tisheti imefutwa. Mchango elfu 15, asiye nayo aje tu, na lami siku hizi ipo toka Dodoma mpaka Babati hamna wa kusema gari zimekwama kwenye vumbi. Tumeanza kuandika upya majina kuanzia form one, siyo kwa orodha ya mtihani, na mpaka sasa wameongezeka kumi na kitu, wasichana saba, mmoja yuko Oman anafanya kazi amesema atatuma hela ya soda zote. Zuhura sijui shule yako lakini kama ni Kondoa njoo hata kama hukusoma na sisi.

Mwalimu na wewe umealikwa, nauli tutaangalia. Halafu anayemjua mpishi mzuri wa pilau pale Kondoa mjini asiye na bei za Dodoma anitumie pm, tuliyempata anataka laki nne na kuni juu yetu.