Msanii mwenye kipaji aachwe akataliwe? Mimi napinga

Hoja iliyo mezani ni hii: msanii mwenye kipaji cha kweli hafai kubebwa. Aachwe azungushwe, akataliwe, afungiwe milango. Kama kitu anacho, atatoboa tu. Aliyeileta ni mwalimu wa muziki aliyelea kwaya za shule hapa Kisumu kwa miaka mingi, mtu ninayemheshimu sana, na wengi wamemuunga mkono. Wametaja Jennifer Hudson, aliyetolewa kwenye shindano la waimbaji la Marekani, American Idol, mwaka 2004 akiwa wa saba, kisha mwaka 2007 akapokea Oscar. Wametaja mwigizaji Sidney Poitier, aliyefukuzwa kwenye usaili wa maigizo New York kwa sababu ya lafudhi yake ya Bahamas na kusoma kwa kukwamakwama, akarudi kuosha vyombo. Na bendi ya Beatles ya Uingereza, bila shaka. Mwalimu, naomba nikupinge kwa heshima, tena kwa mifano hiyo hiyo.

Tarehe 1 Januari 1962 Beatles walifanyiwa usaili katika studio za kampuni ya muziki ya Decca, London, wakapiga nyimbo 15. Walikuwa wamesafiri kwa gari kutoka Liverpool, barabarani theluji tupu. Decca ikawakataa, ikawachukua kundi jingine, Brian Poole and the Tremeloes. Sababu moja iliyoelezwa baadaye ni kwamba hao wa pili waliishi karibu na London, kwa hivyo kufanya nao kazi kungekuwa rahisi na nafuu zaidi. Mtu wa Kisumu, Kakamega au Busia hahitaji kufafanuliwa sababu hiyo. Promota wa Nairobi akipiga hesabu ya nauli ya watu sita na ala zao, atamchukua aliye karibu, hata kama wa mbali anamzidi.

Halafu tazameni kilichofuata. Beatles walikuwa na meneja, Brian Epstein, ambaye familia yake ilikuwa na duka kubwa la kuuza sahani za santuri Liverpool. Kampuni za muziki zilimhitaji kama mteja, kwa hivyo hazikuweza kumfungia mlango kabisa. Ndiye aliyezunguka na zile rekodi hadi akampata mtayarishaji wa muziki George Martin wa kampuni ya Parlophone mwaka huo huo. Mwondoe Epstein, na sisi leo tusingekuwa na mfano wa kutaja. Poitier naye: mhudumu mmoja mzee alikaa naye kila usiku baada ya kazi, akamfundisha kusoma kwa gazeti. Hudson alitolewa mbele ya mamilioni ya watazamaji, jina lake tayari likiwa midomoni mwa watu. Katika kila hadithi mnayoileta kuna mtu aliyefungua mlango wa pili, na mkisimulia mnamruka, mnakumbuka aliyefunga wa kwanza tu.

Hao Tremeloes wanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1968 walipata umaarufu Uingereza kwa wimbo Helule Helule. Mtunzi wake ni Daudi Kabaka, Mluhya, huyu huyu wa Harambee Harambee. Yaani kundi lililopendelewa kwa kukaa karibu na studio ndilo lililokuja kuvuma kwa wimbo wa mtu wetu. Kabaka alifariki mwaka 2001. Waulizeni vijana wanaopanda jukwaani leo Vihiga na Kakamega kama wanajua kwamba wimbo wa mtu wao ulipigwa redioni London. Mimi huwauliza, na wengi huniambia wanalisikia jambo hilo kwangu kwa mara ya kwanza. Linaniuma kila nikiulizwa, "Kwani ni kweli?"

Sasa mwanamuziki Ayub Ogada. Najua mwalimu atamtaja, kwa hivyo nimtaje mimi. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina Job Seda, akapiga na Black Savage na African Heritage Band jijini Nairobi. Mwaka 1986, akiwa na miaka 30, alibeba nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo, akaenda London, akawa anapigia wapita njia barabarani. Huko ndiko watu wa mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel walikomwona, akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitoka mwaka 1993. Wimbo wake Kothbiro ukatumika katika filamu The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 Kanye West akautumia ndani ya wimbo wake Yikes. Ogada alifia Nyahera, hapa hapa Kisumu, Februari 2019.

Mtasema: si alitoboa? Alitoboa. Lakini hesabuni: mpigaji aliyekwisha kukomaa, aliyepiga na bendi zenye heshima, alitoa albamu akiwa na miaka 37, baada ya mgeni kumsikia kwenye barabara ya ugenini. Miaka ile ilimfunza nini ambacho asingejifunza akiwa analipwa Nairobi au Kisumu? Na huyo ni aliyepata nauli ya ndege. Wapigaji wa nyatiti wa Alego na Gem ambao hawakuwa na nauli hiyo hatuwezi kuwatoa hapa kama ushahidi, kwa sababu hakuna aliyewarekodi. Mkitoa hesabu ya waliokataliwa, mnawahesabu wale tu waliofika.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Nimefunga spika kwenye harusi, matanga, mikutano ya siasa na sherehe za serikali, kuanzia Busia hadi Nakuru, na mambo haya nayaona nikiwa nyuma ya meza ya mitambo. Chukueni nyatiti. Ina nyuzi nane, na mpigaji hukaa chini, karibu na ardhi kabisa. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma anayogongea ubao wa ala, na mguuni njuga. Yaani mtu mmoja ni ngoma, gita na mwimbaji kwa pamoja. Ukitaka asikike, unahitaji mikrofoni ya mdomo, nyingine iinamishwe kwenye tumbo la ala, na ya tatu chini kule kwa ajili ya ile pete. Ukimpa moja tu, iliyosimamishwa kimo cha mtu aliyesimama, watu watasikia mzee anayenung'unika kwa mbali.

Niliwahi kuitwa kufunga mitambo kwenye usaili wa vipaji katika ukumbi mmoja hapa mjini. Waamuzi walitoka nje ya mkoa. Kila msanii alipewa dakika mbili. Kijana mmoja akaingia na orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Swali la kwanza aliloulizwa: "Biti yako iko kwenye flashi?" Hakuwa na flashi. Akakaa, akaanza kukaza uzi, kwa sababu joto la ukumbi lilikuwa limeulegeza. Nikamsogezea mikrofoni karibu na ala. Alipopiga noti tatu za kwanza, wafagiaji waliokuwa mlangoni waligeuka wote. Kengele ikalia. Muda umeisha, anayefuata. Hakuambiwa amekosea nini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsikia.

Niambieni, pale alijengwa wapi?

Mwalimu ana hoja moja nzito nami naikubali: kipaji kisichokosolewa huoza. Ni kweli kabisa. Lakini kukosolewa ni kitu kingine. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na utamu wake, kwangu mimi, ni pale mwamuzi anapopanda mbele na kueleza: sauti ya pili ilikuwa chini, ala ziliifunika kwaya, mwisho mliuharakisha. Mtoto wa Butere au wa Nyakach anaweza kurudi nyumbani bila kikombe na bado akawa na kazi ya kufanya hadi mwaka ujao. Mwalimu, hiyo ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote. Hukuwafungia watoto mlango ili uone nani ataupasua. Uliwasikiliza, ukawaambia ukweli, ukawarudisha jukwaani. Kwa nini msanii wa miaka 25 asitendewe hivyo hivyo?

Kuna aliyemtaja Anyango, yule Mjapani, Eriko Mukoyama, aliyekuja Siaya kujifunza nyatiti, akakataliwa kwanza kwa kuwa ni mwanamke, akavumilia hadi akafundishwa. Uvumilivu wake nauheshimu. Ila nawafikiria wasichana wa Kijaluo waliozaliwa katika boma zenye nyatiti na kuambiwa maneno yale yale. Wao hawakuwa na Tokyo ya kurudi wala ya kuwapokea kwa shangwe. Walikataliwa wakaenda kuteka maji.

Na mkitaka mfano wa mlango uliofunguliwa, tunaye. Suzanna Owiyo, mjukuu wa mpigaji nyatiti, alipewa jukwaa nyumbani mwaka 2001 Kisumu ilipoadhimisha miaka 100. Akaimba Kisumu 100, nchi ikamjua. Mwaka 2004 alikuwa Oslo, kwenye tamasha la Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka ambao Wangari Maathai alituzwa. Ni miaka mitatu tu kutoka jukwaa la mji wake hadi Oslo. Je, kupewa jukwaa mapema kulimharibu?

Kwa hivyo pendekezo langu ni la jukwaani na la mfukoni. Sherehe yoyote inayolipiwa na fedha za umma, iwe Kisumu, Nakuru au Bungoma, nusu ya muda wa burudani wapewe wasanii wa eneo hilo, na nusu hiyo iwe usiku watu wakiwapo. Siku hizi huitwa saa sita mchana "kufungua jukwaa" viti vikiwa vitupu, mitambo ikiwa nusu, malipo yakiwa chakula na nauli. Usiku nyota wa Nairobi anakuja, anaimba juu ya wimbo uliorekodiwa, anaondoka. Fedha za kuwalipa wa nyumbani zipo tayari: ni zile zile, zigawanywe vingine.

Mapromota watasema watu hawaji kwa msanii wa kijijini. Ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, nayo ilidharauliwa hivyo, ikaitwa ngoma ya matanga na ya maneno machafu, hadi mwanamuziki Tony Nyadundo akaipeleka kwenye kumbi za Nairobi na mameneja wa kumbi hizo wakaanza kuitafuta wenyewe. Hadhira haiwezi kumpenda mtu ambaye haijawahi kumsikia kwa spika zinazofanya kazi.

Sasa nawaomba waliowahi kukaa kwenye meza ya waamuzi wajibu, hasa wa Nakuru na Eldoret ambako usaili wa namna hii hufanyika mara kwa mara. Mpigaji wa orutu au litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, akiingia na hana biti, mnampa muda gani wa kukaza nyuzi? Na mkimkataa, mnamwambia kwa nini?